Bahari isiyojaa wala kupwa: je, watoto wangu watakuwa salama Alcúdia?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa naishi Dortmund, Ujerumani, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Mwezi wa Agosti tutakwenda kupumzika Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, kwa siku kumi, na mama yangu mzazi atakuwa pamoja nasi. Waliokwenda wananiambia kwamba bahari ya Mediterania haijai wala haipwi, haina mawimbi, na kwamba pale ufukweni mtoto anaweza kutembea mbali sana maji yakiwa bado ya magotini. Binti yangu mkubwa ana beji ya Seepferdchen, ile ya Ujerumani ya watoto wanaoanza kuogelea. Mdogo wake hajui kuogelea, lakini ana maboya ya mikononi, na baba yao ameshawanunulia boya kubwa la kupuliza lenye umbo la flamingo. Je, safari hii ninaweza kukaa chini ya mwavuli nikapumzika, au afadhali tubaki kwenye bwawa la hoteli? Ninaogopa pia konyeza, maana jirani yetu alirudi kutoka huko na alama miguuni. Na je, mama yangu, ambaye hajui kuogelea, anaweza kuwaangalia watoto ninapopumzika?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona swali lako ni moja: je, kuna bahari tulivu kiasi kwamba mama anaweza kuacha kuitazama? Nitakujibu kwanza kwa ufupi. Mmechagua mahali pazuri, na sina sababu ya kukuambia mbadilishe safari. Kupumzika utapumzika, lakini utapumzika kwa zamu, wakati mtu mzima mwingine anayejua kuogelea amekabidhiwa watoto kwa maneno yaliyo wazi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo utulivu wa maji hauwezi kukufanyia.

Walichokuambia kuhusu kujaa na kupwa ni kweli kwa kiasi kikubwa, na inafaa ujue sababu yake. Maji ya bahari huvutwa na mwezi na jua, na katika bahari kubwa kama Hindi uvutano huo husukuma maji mengi kuelekea pwani na kuyarudisha, ndiyo maana wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, pale Tanga tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Mediterania ni bahari iliyofungiwa karibu pande zote, na mlango wake wa kuingilia kutoka bahari ya Atlantiki, yaani mlango wa Gibraltar, una upana wa kilomita 14 hivi pale palipo pembamba zaidi. Maji yanayoweza kupita hapo kwa saa chache ni machache mno kuinua bahari nzima, na yenyewe ni ndogo mno kuitikia mwezi kama Hindi inavyoitikia. Ziko sehemu chache ambako maji hujaa na kupwa kwa kuonekana, kama ghuba ya Gabès nchini Tunisia na pembe ya kaskazini ya Adriatiki, lakini kule Mallorca mabadiliko hayo hayafikii hata urefu wa rula ya mwanafunzi.

Hata hivyo, usiione hali hiyo kuwa faida tupu. Mtu aliyekulia Raskazone, pale Tanga, amefundishwa na bahari kusoma saa yake: anajua leo ni bamvua au ni maji mafu, anajua maji yatarudi saa ngapi, na anajua ni wakati gani watoto waitwe kutoka kwenye fungu. Bahari yetu hutoa ahadi na huitimiza. Kule Alcúdia elimu hiyo haina kazi, kwa sababu kinachoitawala bahari ni upepo, na upepo haufuati kalenda. Mawimbi ya Mediterania huzaliwa karibu, kwa kuwa upepo hauna safari ndefu ya kuyasukuma kama ulivyo katika bahari kuu. Kwa hiyo huinuka haraka, huja kwa kufuatana karibu karibu, na hutulia haraka. Ufukwe uliouacha umelala kama kioo wakati wa chai ya asubuhi unaweza kuwa umechafuka kabla ya chakula cha mchana, na waliokuambia kwamba hauna mawimbi walikwenda katika siku ambazo haukuwa nayo.

Ghuba ya Alcúdia imefunguka kuelekea kaskazini-mashariki. Upepo unaotoka upande huo, ambao wenyeji huuita gregal, huingiza mawimbi moja kwa moja hadi mchangani. Kwa kuwa ufukwe ni wa mchanga na chini yake kuna matuta, mawimbi huvunjikia juu ya matuta hayo, maji hurundikana kati ya tuta na nchi kavu, kisha hutafuta pengo la kurudia baharini. Mahali yanapopata pengo hutokea mkondo mwembamba unaovuta kwenda nje, nao hauhitaji kupwa kwa maji ili utokee. Utautambua kama mlia wa maji yaliyotulia kidogo katikati ya mawimbi yanayovunjika, na ubaya wake ni kwamba kwa mgeni huo ndio huonekana kuwa sehemu nzuri ya kuingilia. Mfundishe binti yako mapema kwamba akivutwa asishindane na mkondo: alale chali aelee, ainue mkono mmoja na kuita, na kama ana nguvu aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke ndani yake, ndipo arudi.

Upepo ninaouogopa zaidi kwa watoto, hata hivyo, ni ule usioleta wimbi lolote. Ni upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Wavuvi wetu wanaujua, wanauita umande, nao huutumia alfajiri kutokea na ngalawa zao. Ufukwe wa Alcúdia uko upande wa magharibi wa ghuba, kwa hiyo upepo wowote wa magharibi au kusini-magharibi hupita juu ya mji na kutoka baharini. Karibu na mchanga maji hubaki laini kabisa, kwa sababu majengo na miti huukinga, lakini mita chache mbele upepo hushuka juu ya maji na kusukuma kila kinachoelea. Sasa mfikirie yule flamingo. Ni kitu chepesi, kirefu, chenye shingo na mbawa, hakina mkuku chini wala kasia. Kwa upepo ni tanga. Mtoto aliyekaa juu yake husogea mbali huku baharini kote kukionekana shwari, na anapogundua kwamba maji si ya magotini tena huanza kuogopa, huteleza kushuka, au baba yake humfuata kwa kuogelea na kukuta kwamba boya linakwenda kwa kasi kuliko yeye. Katika hali hiyo watu wawili ndio wanaohitaji kuokolewa.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu flamingo ni mkali kidogo, na naomba baba watoto anisamehe: asiingie baharini. Kwenye bwawa anaweza kutumika mtu mzima akiwa ndani ya maji kando yake. Ikiwa siku moja kitu cha kupuliza kitapeperushwa baharini kikiwa hakina mtu juu yake, kiacheni kiende. Na ikiwa mtoto yuko juu yake, mwambieni abaki hapo hapo ameshikilia, kwa maana huonekana kwa urahisi na huelea, kisha mwiteni mlinzi wa waogeleaji au mpige simu nambari 112.

Kila asubuhi, kabla ya kutandika taulo, tazameni bendera kwenye kituo cha walinzi. Kijani inaruhusu kuoga, njano inaonya, nyekundu inakataza, na katika familia yenye mtoto wa miaka 4 mimi huisoma njano kama nyekundu. Kuna pia bendera ya buluu, na hapa watu wengi hukosea. Hiyo ni tuzo ya mwaka mzima inayohusu ubora wa maji, usafi, huduma na usalama wa ufukwe kwa jumla. Ilianzia Ufaransa mwaka 1985 na leo hupeperushwa katika nchi nyingi. Haikuambii chochote kuhusu bahari ya leo saa nne asubuhi. Kaeni mbele ya kituo chenye mlinzi, katika saa zilizoandikwa kwamba yuko kazini, hata kama umbali kutoka hotelini unaongezeka.

Kuna jambo jingine la visiwa vile ambalo ni nadra, nalitaja kwa kuwa mtu wa pwani atalielewa. Mara moja moja katika kiangazi, badiliko la ghafla la kanieneo ya hewa hufanya maji yapande na kushuka kwa dakika chache, kama kujaa na kupwa kulikokunjwa pamoja. Wenyeji huliita rissaga. Linajulikana zaidi katika bandari ya Ciutadella, kwenye kisiwa jirani cha Menorca, lakini Julai 2018 maji yalifurika ghafla hadi katika fukwe za Alcúdia pia. Mkiona maji yanakimbia kuondoka mchangani bila sababu, wachukueni watoto mpande juu, msisubiri kutazama.

Tuje kwenye maji ya magotini, ambayo kwa kweli ndiyo yanayofanya familia nyingi zipende pwani ile. Magoti ya nani? Maji yanayofika kwenye goti la baba yake ni karibu na kiuno cha mtoto wa miaka 4, na mtoto aliyejikwaa katika maji ya kiunoni hawezi kila mara kusimama tena, kwa kuwa kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili na miguu haina pa kushika vizuri kwenye mchanga unaohama. Tena sakafu ya bahari pale haiteremki kama ngazi moja ndefu. Hushuka, huinuka kwenye tuta, kisha hushuka tena, na mtoto anayewaona wenzake wamesimama mbali kwenye tuta hudhani kwamba njia yote ya kuwafikia ni ya kina kile kile.

Halafu kuna ukimya. Sinema zimetufundisha kwamba anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Katika hali halisi mdomo wake huzama na kuibuka kwa muda mfupi sana, unaotosha kuvuta pumzi tu bila nafasi ya kupiga ukelele, na mikono yake husukuma maji pembeni ili kujiinua, kwa hiyo haiwezi kupunga. Yote huweza kuisha katika muda usiozidi dakika moja. Nimefundisha watoto kuogelea kwa miaka mingi, kwanza Mombasa na baadaye Ujerumani, lakini funzo hili niliwahi kulipata nikiwa nimekaa kitini. Tulikuwa watu wazima saba kwenye karamu ya familia kando ya bwawa, na mtoto wa miaka 3 aliteleza kutoka kwenye ngazi ya maji, mita mbili kutoka nilipokuwa. Hakuna aliyesikia chochote. Nilimwona kwa sababu niligeuka kuchukua sahani. Alitoka salama, lakini tangu siku ile siamini tena kwamba watu wengi wakiwapo ndipo mtoto anapoangaliwa zaidi, kwa sababu kila mmoja wetu saba alidhani mwingine anatazama.

Kwa mtoto wako mdogo, basi, kanuni ni umbali wa mkono: akiwa majini au ukingoni mwa maji, mtu mzima anayemwangalia aweze kumshika bila kupiga hatua, na simu ibaki kwenye mfuko. Maboya ya mikononi si kifaa cha kuokoa maisha, na hata maandishi yake ya kiwandani husema hivyo. Yanaweza kuchomoka au kupungua upepo, na humfundisha mtoto kusimama wima majini akiamini kwamba anaelea kwa nguvu zake, hadi siku atakapoingia bila maboya hayo. Fulana ya kuelea yenye mkanda unaopita kati ya miguu ni afadhali kwa michezo ya ukingoni. Kwa safari yoyote ya mashua, muulizeni mwenye chombo jaketi halisi la kuokolea la mtoto la nyutoni 100 (kipimo cha nguvu ya kuelea) au zaidi, ambalo limeundwa kumgeuza mtu uso ukiwa juu. Yale ya nyutoni 50 hayakuundwa kwa kazi hiyo.

Binti yako mkubwa anastahili pongezi kwa beji yake, na usimvunje moyo. Lakini Seepferdchen huthibitisha kwamba mtoto ameruka majini, ameogelea mita 25 na kuokota kitu kwenye maji ya kina cha mabega, katika bwawa lenye maji ya uvuguvugu na ukuta wa kushika. Chama cha waokoaji cha Ujerumani, DLRG, ambacho kimekuwapo tangu 1913, humhesabu mtoto kuwa mwogeleaji wa kutegemewa anapopata beji ya Bronze, ambayo pamoja na mengine hudai aogelee dakika 15 na kumaliza angalau mita 200. Kati ya beji hizo mbili kuna umbali mkubwa kuliko majina yanavyoonyesha. Kama bado kuna wiki kadhaa kabla ya Agosti, mpeleke kwa mwalimu wa kuogelea hapo Dortmund, mwombe amtazame ana kwa ana na akuambie wazi anaweza nini akichoka. Mimi siwezi kulipima hilo kwa maandishi.

Umeuliza kama bwawa la hoteli ni afadhali. Kwa upepo, mikondo na konyeza, ndiyo, ni afadhali. Lakini nikimfikiria mtoto wa miaka 4 tu, nasita. Ufukweni kina huanza taratibu na lazima atembee kwanza. Bwawani, hatua moja kutoka kwenye kiti inaweza kumfikisha kwenye maji yanayomzidi kimo, na wazazi huwa wamelegea zaidi kwa sababu mahali panaonekana kama sebule. Siku ya kuwasili ndiyo ninayoihofia kuliko zote, wakati baba anahangaika na masanduku, mama na funguo za chumba, na mtoto ameona maji ya buluu kupitia mlangoni. Kabla ya kufungua sanduku lolote, zungukeni na watoto mwaonyeshe bwawa, kina chake na lango lake, kisha mwafungie mlango wa roshani. Mkigawa siku, bahari asubuhi kukiwa shwari na bendera ya kijani, bwawa jioni, mtakuwa mmefanya vizuri, ilimradi zamu ya kutazama iendelee pande zote mbili.

Katikati ya siku mwe kivulini. Saa za Hispania zimetangulizwa mbele ya jua, hivi kwamba wakati wa kiangazi jua la Mallorca hufika utosini karibu saa 8 mchana, wala si saa 6 kama tulivyozoea. Familia nyingi hurudi ufukweni saa 8 zikidhani ukali umepita. Ngozi yetu nyeusi hustahimili zaidi, lakini nayo huungua, na joto halibagui rangi. Mpeni mdogo maji ya kunywa kabla hajaomba.

Konyeza anayesumbua zaidi upande ule anaitwa Pelagia noctiluca, mdogo, wa rangi ya zambarau iliyopauka. Huchoma kwa uchungu, ila kwa kawaida hahatarishi maisha. Hapa ndipo naomba usahau dawa ya nyumbani. Siki, ambayo huwafaa waliochomwa na aina nyingine, kwa huyu inaweza kuchochea vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi vipasuke, na maji baridi ya bomba hufanya vivyo hivyo. Mkojo hausaidii lolote. Suuzeni kwa maji ya bahari bila kusugua, toeni mabaki ya nyuzi kwa kibano au ukingo wa kadi, pakeni uji wa magadi soda ya kupikia na maji ya bahari kwa vipimo sawa kwa dakika mbili hivi, kisha wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Pakiti ndogo ya magadi hayo, ambayo hapo Ujerumani huuzwa kwa jina la Natron, itoshee kwenye mfuko wa ufukweni. Lakini maumivu makali ya ghafla chini ya unyayo yanaweza kuwa ya samaki mdogo mwenye miiba anayejifukia mchangani, na tiba yake ni kinyume: mguu utiwe katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, yapimwe kwanza na mkono wa mtu mzima, kwa nusu saa au zaidi. Ukikuta malundo ya majani makavu ya kahawia kwenye mchanga, usimwambie mtoto kwamba ni takataka. Ni majani ya Posidonia, nyasi za baharini ambazo husafisha maji yale na kuuzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi.

Kuna hali ambazo hazingojei ushauri wangu wala wa mtu mwingine wa mbali. Mtoto aliyechomwa na konyeza akivimba uso, akipumua kwa shida au akitapika, pigeni 112 mara moja. Mtoto aliyetolewa majini akiwa amemeza maji na baadaye akaendelea kukohoa, kupumua haraka, kulegea au kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anasema yuko sawa. Zile habari za mtoto kufa siku kadhaa baadaye bila dalili yoyote, zinazosambazwa kwa jina la kuzama kukavu, zisikunyime usingizi: madaktari hawalitambui jina hilo, na dalili huonekana mapema, kwa kawaida ndani ya saa chache. Kadi yako ya bima ya afya ya Ujerumani ina upande wa nyuma unaotambulika Hispania katika hospitali za umma, basi ichukue pamoja na za watoto.

Kuhusu mama yako, nakuomba usimwachie watoto peke yake kando ya maji. Si kwa kumdharau. Ni kwa sababu mjukuu akizama bibi ataingia kumfuata, na hakuna mwanadamu atakayeweza kumzuia. Yeye awe mlinzi wa nchi kavu: akae na simu, ajue jina la hoteli na nambari ya kituo cha mlinzi kilicho mbele yenu, na kazi ya majini mpokezane wewe na mumeo. Tumieni kitu cha kushika, kofia nyekundu au filimbi shingoni, na anayekivua aseme "nakukabidhi," na anayekipokea ajibu "nimepokea." Kabla ya kuondoka, nendeni wote watatu kwenye kozi ya siku moja ya huduma ya kwanza kwa watoto ya Msalaba Mwekundu hapo Dortmund, ambako mtajifunza kwa mikono yenu wenyewe kwamba mtoto aliyezama na asiyepumua huanziwa kwa pumzi tano kabla ya kubonyezwa kifua. Mama akae karibu nawe umtafsirie, na mwalimu ampe naye zamu kwenye mwanasesere.